Maneno Kumi na Mawili ya Sikudhani

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja bila kibali ni kosa, na fomu ya kuombea kibali inakutaka ulitaje kwenye mstari wa kwanza, kwa hiyo sisi raia wema husema tu "nchi yetu" na kuendelea na kazi. Kazi yangu mimi ni kutunza ubao wa matangazo wa wilaya. Ni ubao wa mninga, una kioo na kufuli, na ufunguo wake nimeuvaa shingoni kwa miaka ishirini na mbili. Watu wananiita Bwana Ubao. Jina langu hasa ni Faraji Kingwele, lakini hilo wanalijua mke wangu na mwajiri wangu tu, na mwajiri hulikosea.

Nitaeleza ya Sikudhani kama nilivyoyaona, bila kuongeza chumvi. Chumvi ina ushuru.

Kwanza mfahamu kwamba nchi yetu ina Wizara ya Shukrani. Wenzetu wana wizara za maji. Sisi tunashukuru mapema kwa maji yatakayokuja. Kila kitu cha bure katika nchi yetu kimetolewa na Baba Mtoaji, ambaye ndiye Rais, na anayekipokea hujaza Fomu ya Shukrani kwa nakala tatu. Mvua ikinyesha, tunajaza. Mtoto akizaliwa na vidole kamili, tunajaza. Mwaka juzi jua lilipatwa, giza likaingia saa sita mchana. Tukajaza fomu kwa ajili ya giza, na jua liliporudi tukajaza nyingine. Sikulalamika. Nililalamika mara moja tu maishani, nikajaza fomu ya kushukuru kwa kusikilizwa.

Sasa, kushukuru kwa nakala tatu si kazi ya kila mtu, na hapo ndipo Sikudhani alipopatia riziki. Alikuwa mpiga chapa. Alikaa chini ya mwavuli nje ya ofisi ya wilaya, hatua ishirini kutoka kwenye ubao wangu, na taipureta kuukuu mapajani, akiwaandikia watu fomu, barua, mikataba na talaka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye mdomo mkali na vidole vyepesi. Haja yake duniani ilikuwa moja: mlango.

Mkabala na ofisi kulikuwa na fremu namba nne, chumba kidogo chenye mlango wa chuma wa kijani na komeo la ndani. Mwenye fremu alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi. Sikudhani aliutazama mlango ule kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa.

"Bwana Ubao," aliniambia siku moja upepo ulipompokonya karatasi, "mama wa watu ananieleza siri ya ndoa yake, na muuza miwa naye anachangia. Kesho mji mzima unajua. Nataka mahali ambapo mtu akiingia, nafunga. Basi. Sitaki ghorofa."

* * *

Habari ya sarafu za bure ililetwa na Shomvi, kinyozi aliyekuwa jirani yake chini ya ukuta ule ule. Shomvi alikuwa mtu wa kuamini kitu kabla hakijamalizika kusemwa.

"Da Siku, hela za bure hizi! Kuna watu huko nje wanabuni sarafu mpya za mtandaoni. Ili zijulikane, wanagawa fungu la kwanza bure. Wewe unagonga picha ya tango kwenye simu, tango linakua, siku ya mgao unapewa sarafu zako."

"Nani anagawa?"

"Hajulikani."

"Anataka nini?"

"Tugonge tu."

"Afadhali huyo," alisema Sikudhani. "Wetu anataka tugonge na makofi juu."

Mimi sikusikia neno hilo. Nilikuwa nafuta kioo.

Basi akaanza, tena kama mwanagenzi yeyote, kwa kukosea. Simu ilipomfungulia pochi ya kuwekea sarafu, ilimpa maneno kumi na mawili ya kawaida, ya aina ya jembe na wingu na kiatu, ikamwambia ayahifadhi kwa mpangilio wake, kwani hayo ndiyo ufunguo, na mwenye ufunguo ndiye mwenye mali. Siku ya tatu akaandikiwa ujumbe na mtu aliyejiita Afisa Msaada, picha yake amevaa tai, akimwomba maneno hayo ili "amhakikishie usalama." Sikudhani alikuwa ameshaandika manne kabla Shomvi hajamnyang'anya simu.

"Da Siku! Kanuni ya kwanza ni hiyo! Anayekuomba maneno kumi na mawili ni mwizi!"

"Hata akiwa na tai?"

"Hasa akiwa na tai."

Aliilipia kanuni hiyo kwa jasho la woga, na hakuisahau. Aliifunga pochi ile, akafungua nyingine, akayakariri maneno mapya kama mtu anavyokariri majina ya mababu zake, na karatasi yenye maneno hayo akaitia jikoni chini ya chungu.

Kwa miezi kumi aligonga. Aligonga tango, aligonga kobe, aligonga jogoo asiyewika. Alijiunga na makundi, akawaalika wateja wake wa talaka, akajibu maswali ya kuthibitisha kwamba yeye si roboti, jambo ambalo serikali yetu haijawahi kumuuliza. Kati ya migao kumi na mitatu, tisa ilikuwa hewa. Mmoja uliahirishwa mara sita. Mwingine ulimtaka alipe kwanza ndipo apewe cha bure, akacheka mpaka mteja wake akadhani anachekwa yeye.

Lakini Tango lilitoa sarafu zake. Siku lilipoingia sokoni bei ilipanda tangu asubuhi, na Shomvi akaacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa ili atazame.

"Usiuze, da Siku! Hili linafika mbinguni!"

"Likifika unisalimie marehemu," alisema Sikudhani, akauza nusu kabla ya adhuhuri na nusu baada yake, akabadilisha zote ziwe sarafu ya aina tulivu, ambayo bei yake hairukiruki. Alasiri Tango likaporomoka. Lililobaki kwa Shomvi halikutosha hata kachumbari. Ila Shomvi si mtu wa kukata tamaa. Alikuwa na kobe wengi na jogoo wawili, na yule mteja alirudi kesho yake kumaliziwa.

Kwa hesabu ya Sikudhani, mlango wa kijani ulikuwa umeshaiva. Ilibaki kwenda kwa wakala, kubadilisha sarafu ziwe pesa za kushika, na kuvuka barabara.

* * *

Hakuwahi. Wiki hiyo hiyo Baraza la Mawaziri lilipata taarifa ya kutisha: kuna mtu mwingine anayetoa.

Mheshimiwa Daktari Daktari Pazi Makofia, Waziri wa Shukrani, alihutubia taifa. (Udaktari wa kwanza alitunukiwa, wa pili alijishukuru nao.) Tulisimama juani kwa saa tatu tukimsikiliza, na fomu ya kushukuru kwa jua tulishaijaza mlangoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "imebainika kuwa baadhi yenu mnapokea vya bure kutoka kwa watu wasiojulikana, na mnakaa kimya! Hamshukuru! Najiuliza, na ninyi mjiulize: ikiwa vya bure vyote hutoka kwa Baba, je, hivi navyo si vya Baba, ila vimepotea njia? Serikali sikivu haitavinyang'anya. Hapana! Itavitunza. Kila mwenye pochi ataleta Wizarani maneno yake kumi na mawili, yahifadhiwe kwa usalama."

Nilimtazama Sikudhani. Alikuwa anaitazama tai ya Mheshimiwa.

Mawakala wote wakafungiwa kubadilisha sarafu za mtu yeyote asiye na Stakabadhi ya Kuwasilisha Maneno. Pesa za mlango zikawa mle ndani ya simu, zinaonekana, hazishikiki.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo ofisi yangu inapoingia. Katika nchi yetu kila tamko linalowasilishwa serikalini, kwa Kanuni ya Tisa, hubandikwa kwenye ubao wa matangazo siku ishirini na moja, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ilianza na matangazo ya ndoa, ikaja viwanja, ikaja mbuzi waliookotwa. Hakuna aliyewahi kuifuta. Kwa hiyo maneno ya siri yalipopelekwa Wizarani, Wizara ilifanya kama inavyofanya siku zote: iliyapiga chapa vizuri, ikayagonga muhuri wa SIRI KUBWA, ikanikabidhi niyabandike.

"Bwana Karani," nilimuuliza Ngwali, karani mkuu, "yabandikwe hata haya ya siri?"

"Kanuni ya Tisa inasema kila tamko," alijibu Ngwali. "Imesema kila tamko isipokuwa la siri?"

"Haikusema."

"Basi unauliza nini?"

Nikabandika. Juu kabisa, kwenye fremu ya dhahabu, niliweka maneno ya Wizara yenyewe, kwa sababu Mheshimiwa alitaka kuonyesha mfano. Wizara ilikuwa na pochi ya taifa, ambamo zilitiwa sarafu zote zilizokwisha kusalimishwa. Mji ukaja kusoma. Sijawahi kuona wananchi wanapenda kusoma namna ile. Wengine walikuja na kalamu.

Pochi ya taifa ilikauka kwa dakika kumi na moja. Taarifa rasmi ilisema sarafu "zimehama kwa hiari."

Shomvi alikuwa amepeleka maneno yake siku ya kwanza, alfajiri, awe wa mwanzo kwenye foleni. Alirudi kwenye kiti chake cha kunyolea akakikalia mwenyewe, simu mkononi.

"Kobe wote," alisema. "Na jogoo."

Sikudhani aliacha kuchapa. "Shomvi, we si ndiye uliyenifundisha kanuni?"

"Nilidhani ya serikali ni tofauti, da Siku. Wana muhuri." Akaanza kulia pale pale, mtu mzima mwenye wembe sikioni. Sikudhani hakumcheka. Alisukuma taipureta kando, akakaa naye, na wateja wakangoja. Mimi niliona aibu. Sikujua ni ya nini, maana nilikuwa nimefuata kanuni.

* * *

Tume ikaundwa kumtafuta mwizi. Ilifanya kazi kwa kasi ya ajabu. Ilipanga majina ya wote walioibiwa, ikagundua kwamba katika wilaya yetu mwenye pochi mmoja tu hakuibiwa. Nani? Sikudhani, ambaye hakuwasilisha maneno. Ikiwa kila mtu ameibiwa isipokuwa mmoja, basi huyo mmoja ndiye aliyeiba. Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Makofia mwenyewe, na alisema ni kwa mantiki hiyo alitunukiwa shahada.

Kikao kilifanyika ukumbini, hadharani. Nilikuwepo, kwani ubao wangu uliletwa kama shahidi. Sikudhani alisimama na mkoba wake.

"Mama," alisema Mheshimiwa, "mbona hukuleta maneno yako?"

"Niliambiwa anayeomba maneno kumi na mawili ni mwizi, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na kila aliyewahi kuibiwa."

Ukumbi ukacheka, ukaambiwa usicheke, ukajaza fomu.

"Sikiliza, mama. Leo hii, hapa hapa, unawasilisha maneno kumi na mawili, unapewa stakabadhi yako, yanaisha. Usipowasilisha, leseni ya kuchapa tunaifuta, taipureta inataifishwa. Mwavuli tumeshauchukua."

Kweli walikuwa wameuchukua. Tangu jana yake alichapa juani, kichwani kajifunga kanga.

Nilimwona akishusha pumzi. Miaka kumi na tisa ya karatasi zilizolowa ilikuwa mle, na miezi kumi ya kidole. Bila taipureta hana chakula. Akitoa maneno, hana mlango, na mali yake itahama kwa hiari kabla hajafika nyumbani. Nilijikuta napiga hesabu naye, mimi mtunza ubao, kana kwamba na mimi nina pochi.

"Maneno kumi na mawili," alisema polepole. "Yoyote?"

"Yako!" alisema Mheshimiwa. "Kumi na mawili kamili, sio kumi na moja. Sheria inasema kumi na mawili."

"Yangu," alisema Sikudhani. "Haya. Bwana Ngwali aandike. Moja moja, nisije nikayachanganya."

Ngwali akachora mistari kumi na miwili, akaipa namba. Mheshimiwa akaegemea kiti, akafumba macho, kama anavyofanya kazi ya kitaifa.

"Moja," alisema Sikudhani. "Nilichokipata."

"Nilichokipata," aliandika Ngwali. "Refu. La pili?"

"Kwa."

"Kwa. Jepesi hilo. La tatu?"

"Kidole."

Akaendelea hivyo, neno na pumzi, neno na pumzi. Ngwali alimsimamisha kwenye la nne ili achonge penseli. Kwenye la sita aliuliza kama inaruhusiwa kurudia neno. Wajumbe wakapekua sheria, wakaona haikukataza. Kwenye la kumi mjumbe mmoja alisinzia. La kumi na mbili lilipoandikwa, Ngwali alihesabu kwa kidole toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu.

"Kumi na mawili, Mheshimiwa. Kamili."

Mheshimiwa akafumbua macho. "Serikali imeshinda," alisema. Akagonga muhuri, akatia saini mara mbili, moja kwa kila udaktari, na Sikudhani akapewa stakabadhi yake mkononi.

Wale wajumbe walikaa mle ukumbini wanajaribu kufungua pochi. Simu ilikataa. Wakajaribu kwa herufi kubwa. Wakajaribu kwa kutanguliza salamu. Ngwali akapendekeza labda mashine ingependa kushukuriwa kwanza. Mpaka wanafikia hapo, Sikudhani alishafika kwa wakala na stakabadhi yenye muhuri na saini mbili, na wakala alisimama alipoiona.

Mimi nilipewa karatasi nikabandike. Kanuni ya Tisa.

* * *

Niliibandika kama ninavyobandika zote, nikafunga kioo, nikarudi nyuma hatua tatu kuona kama imenyooka. Ndipo nikaisoma. Ukumbini tuliyasikia maneno yale mojamoja, yana nafasi katikati ya kutosha kupita punda. Pale ubaoni yalikuwa yamepangwa safu moja, toka juu hadi chini, yana namba na muhuri wa taifa:

Nilichokipata
kwa
kidole
changu
ni
changu
na
shukrani
yangu
simpi
mtu
aliyelala.

Nilisoma mara mbili. Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja na beseni la mihogo, akasoma kwa sauti, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili moja kwa moja bila kupumua. Muuza miwa akamwomba arudie. Mpaka adhuhuri walikuwa wanakaribia mia. Hakuna aliyepiga kelele. Walisoma, wakatazamana, wakasoma tena. Na kwa kuwa tamko lilihusu pochi ya taifa, nakala zilikwenda kwenye ubao wa kila wilaya, kwa gari la serikali.

Ngwali alinijia mbio siku ya pili. "Toa! Toa sasa hivi!"

"Siku ishirini na moja, Bwana Karani."

"Hiyo ni amri ya Mheshimiwa!"

"Kanuni ya Tisa inasema kila tamko," nilimwambia. "Imesema kila tamko isipokuwa lile lisilompendeza Mheshimiwa?"

Alinitazama kana kwamba kiti kimezungumza. Lakini ufunguo ulikuwa shingoni kwangu na mkono wangu ulikuwa juu yake. Miaka ishirini na mbili nimeuvaa, na siku ile ndiyo ya kwanza nilihisi uzito wake. Kuvunja kioo cha serikali ni uhaini; sheria hiyo waliitunga wenyewe. Ngwali akaondoka.

Walingoja siku ya ishirini na moja. Mheshimiwa alikuja mwenyewe, na tai, na askari wawili, na saa mkononi.

Ila Kanuni ya Tisa ina kifungu kidogo, ambacho mpiga chapa yeyote mwenye miaka kumi na tisa kazini anakijua: kukiwasilishwa pingamizi, tangazo haliondolewi ubaoni mpaka pingamizi lisikilizwe. Na asubuhi ile, mkabala na ofisi, mlango wa kijani wa fremu namba nne ulikuwa na foleni iliyozunguka ukuta mpaka kwenye kiti cha Shomvi. Mtu mmoja mmoja aliingia, mlango ukafungwa, komeo likasikika, taipureta ikalia, mlango ukafunguka, na mtu akatoka na karatasi. Wa kwanza alikuwa Shomvi. Mama wa mihogo alikuwa wa nne. Ngwali alizipokea mezani kwake, akizigonga muhuri, maana kutozigonga ni kosa.

"Zipo ngapi?" aliuliza Mheshimiwa.

"Mia mbili na sita, Mheshimiwa. Kila moja isikilizwe na Tume. Kwa zamu."

"Na sababu za pingamizi?"

"Nyingi, Mheshimiwa. Huyu anasema karatasi imebandikwa juu sana, yeye ni mfupi. Huyu anataka mama yake aje kuiona kutoka shamba."

Jua lilikuwa kali. Hakuna aliyejaza fomu ya jua siku ile, na sikusikia mtu akiulizwa.

Nikauvua ufunguo, nikautia mfukoni, nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya saa za kazi: niliuacha ubao, nikavuka barabara, nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika niliingia. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza na viti viwili, na karatasi zimetulia mezani bila jiwe juu yake. Sikudhani alinyanyuka, akafunga mlango nyuma yangu, akasukuma komeo.

"Karibu, Bwana Ubao. Jina kamili?"

"Faraji Kingwele."

Akalichapa bila kulikosea. "Unapinga tangazo kuondolewa. Sababu?"

Nilifikiria fomu zote nilizowahi kujaza, za mvua, za giza, za kusikilizwa.

"Andika," nilisema, "bado nalisoma."